Mtulinga

Nimekata nyama miaka ishirini na mitatu
katika duka la kona, mtaa wa nyuma ya stesheni, Plovdiv.
Nipe kondoo, nifumbe macho:
kisu kitajua chenyewe kiungo kilipo,
kitapita kwenye gegedu kama ufunguo kwenye kufuli lake.
Basi nilipojiandikisha darasa la kuchora la Alhamisi
nilijisemea, Ventsislav, hili kwako si geni.
Mifupa ni mifupa.

Kumbe.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa gunia lenye vidole.
Wa pili, mikono yake ilifika magotini.
Wa tatu nilimpa shingo, halafu nikakosa pa kuiweka.
Mwalimu Zlatina alipita nyuma yangu, akasimama,
nikasikia pumzi yake ikitafuta neno la heshima.
"Umechora unachokijua," akasema.
"Sasa chora kilichopo."

Tangu hapo ni kila siku.
Saa kumi na moja alfajiri, kabla lori la machinjio halijapiga honi,
nawasha taa ya jikoni, natandaza karatasi ya kaki,
ile ile ya kufungia nyama, haina kiburi,
na natega saa ya kuchemshia mayai.
Dakika moja: uti wa mgongo umeegemea wapi.
Dakika moja: nyonga.
Dakika mbili: uzito uko mguu gani, na mguu ule mwingine unafanya nini.
Theluji inagusa kioo kwa kucha laini.
Kisha nauchora mkono wangu wa kushoto,
maana huo hauombi malipo.
Kidole gumba kinanikimbia. Kila siku kinanikimbia.
Jana kilitoka kiazi;
leo afadhali, ni kiazi chenye ukucha.

Kitabu cha mifupa nilichoazima maktaba
kinalala dukani kando ya mizani, kina doa la damu ukurasa wa goti.
Nasoma huku nafunga soseji.
Bibi Tsonka aliniuliza mbona namkodolea macho.
Nikamwambia: mama, una mtulinga mzuri sana.
Hakurudi wiki nzima.

Alhamisi moja ya Februari akaja kutuketia Spiridon,
miaka sabini na minane, zamani mwanamieleka.
Alivua shati kifungo kwa kifungo,
hita ikikohoa pembeni,
akakaa, mikono juu ya mapaja, kama anayengoja treni.
Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka.
Nikalinyanyua.
Kwenye karatasi, yaani:
nikalilinganisha na mwenzake, kama kitabu kinavyotaka.

Zlatina alipita, hakusema kitu.
Ni Spiridon aliyesema, wakati wa mapumziko,
blanketi mabegani, kikombe mkononi, akichungulia kazi yangu:
"Hilo si langu. Langu lilivunjika."
Akaushika mkono wangu, wenye makovu na harufu ya kitunguu saumu,
akauweka juu ya mtulinga wake.
Katikati pana fundo, dogo kama punje ya njugu,
pale mfupa ulipojiunga bila kumwuliza mtu.
"Na pambano nilishinda," akasema,
akarudi kunywa chai yake.

Miaka ishirini na mitatu nimeshika mifupa.
Haujawahi hata mmoja kupanda na kushuka chini ya kidole changu
kwa pumzi ya mwenyewe.

Nikalifuta bega.
Nikalishusha, nikalishusha tena, mpaka lilipo.
Si mchoro mzuri. Kichwa ni kikubwa,
miguu imeishiwa karatasi,
sikio nimelisahau.
Lakini pale pa mtulinga pana alama moja ya penseli,
fupi, imejikunja,
na hiyo sikuikisia.

Sasa ni Ijumaa. Lori bado.
Saa ya mayai inahesabu.
Haya, kidole gumba, njoo tena.